Benchi la Wastaafu

Simu ilipoita, Chiku alikuwa amekaa nje ya mashine ya mumewe ya kukoboa mpunga pale Kagongwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama gogo, anachambua mchele kwenye ungo. Namba hakuijua. Mwanamke aliyepiga alisema anaitwa Melania, ni muuguzi kiongozi mpya wa kituo cha afya cha askari wastaafu, kile kilichopo nje kidogo ya Kahama, na kwamba alikuwa anawapigia wagonjwa ambao mafaili yao yamekaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Chiku alimpa majibu ambayo alikuwa anampa kila mtu. Nauli. Kazi nyingi. Msimu wa mpunga. Melania alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya taratibu:

"Koplo, goti limepona, au kuna mtu anakufanya usije?"

Ndani, mashine ilikuwa inanguruma. Chiku alinyamaza mpaka yule muuguzi akaanza kusema haloo, haloo, akidhani mtandao umekata.

"Kuna mtu," Chiku alisema.

Yalikuwa maneno mawili tu, na hakutaja jina. Lakini baada ya kukata simu alibaki na ungo mapajani, akahisi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani baada ya kutembea nayo mbali. Miezi mitano hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo.

Chiku alitumikia jeshi miaka ishirini na moja, sehemu kubwa akiwa dereva wa malori. Katika safari ya kulinda amani nje ya nchi, lori lilimpindukia kwenye korongo, na goti la kulia likapondeka. Alirudi na medali na goti lisilokunjika vizuri, akastaafu na cheo cha koplo, akaolewa na Akida, mfanyabiashara wa mchele ambaye babu yake alitoka Bagamoyo akifuata biashara bara. Mara mbili kwa mwezi alikuwa anakwenda kituoni kufanyiwa mazoezi ya goti na kuchukua dawa za presha.

Nje ya kituo kulikuwa na benchi refu la mbao chini ya paa la bati, na kwenye benchi hilo alikuwapo Maganga, afisa mteule mstaafu, mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye sukari na kidonda cha mguu kisichopona. Wote walimwita Afande. Kwa kuwa alikuwa anafika mapema kuliko wengine na sauti yake ilikuwa bado ya gwaride, wafanyakazi walimwachia vikadi vya namba avigawe yeye. Ilikuwa inawapunguzia kazi. Hivyo ndivyo mgonjwa mmoja alivyopata madaraka juu ya wagonjwa wenzake, na hakuna aliyekaa akalifikiria jambo hilo mara mbili.

Kwa wanaume alitoa namba kama zilivyofuatana. Kwa wanawake, namba ya mbele ilitaka ukae karibu naye. Chiku alimwita "mke wangu wa kambini". Alikuwa anamsifia kiuno mbele ya watu, anauliza kama Akida anamtosha, na benchi zima linacheka. Mara ya kwanza Chiku alitabasamu, kwa sababu kuna tabasamu ambalo mwanamke aliyekaa jeshini analitoa bila kujua, la kuomba mambo yapite. Hayakupita. Mwezi wa Februari, siku ya Jumanne, alipokuwa anainuka kwa shida kushika fimbo yake, Maganga alimshika kiunoni kwa mikono miwili, akamvuta akamkalisha mapajani mwake. Goti lilimuuma akaona nyota. Watu walicheka. Alipojinasua alitoka hadi barabarani, akapanda Noah ya abiria ya Kagongwa, akarudi nyumbani bila kumwona daktari. Hakwenda tena.

Goti lilikakamaa. Dawa za presha ziliisha, akawa ananunua nusu dozi dukani, na wiki tatu kabla ya ile simu alipata kizunguzungu akaanguka kando ya mashine. Akida alimwokota akamuuliza kwa nini haendi kliniki. Akamwambia nauli. Mumewe akamwangalia kwa mshangao, maana nauli ilikuwepo, lakini hakubishana.

Melania alikuja Kagongwa Jumamosi asubuhi, peke yake, amevaa kitenge kama mtu aliyekuja kununua mchele. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiye na haraka. Walikaa chumbani na chai. Kabla ya kutoa kalamu aliomba ruhusa ya kuandika, akamweleza Chiku kwamba karatasi hiyo ni yake, anaweza kusema ichanwe wakati wowote. Chiku akasimulia. Alianza na vikadi vya namba, kwa sababu hayo yalikuwa mepesi kuyasema, na mambo ya Jumanne ile akayamaliza akiwa anaangalia ukuta.

Melania hakumuuliza alikuwa amevaa nini. Hakumuuliza kwa nini hakupiga kelele. Alisema kwamba kabla ya kuhamishiwa Kahama alifanya kazi miaka tisa huko Geita, kwenye zahanati iliyokuwa karibu na machimbo ya dhahabu. Wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu waliacha kuja kliniki mmoja mmoja, na kila mtu akasema wanapenda waganga wa kienyeji. Ilichukua mwaka mzima kugundua kwamba tatizo lilikuwa mlinzi wa getini. Tangu hapo, akifika kituo chochote, kabla ya kuhesabu waliokuja anatafuta wasiokuja. Kwenye kituo hiki cha wastaafu walikuwa wameandikishwa wanawake kumi na wanne. Waliokuwa bado wanahudhuria ni watatu.

Chiku alishtuka. Miezi yote ile alijiona ni yeye peke yake, mwenye goti bovu na moyo mwepesi.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. Kituoni kulikuwa na binti anayefanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, anaitwa Suzana, aliyetoka chuo si muda mrefu. Siku moja Suzana alipita na taulo mkononi, Maganga akampiga kofi la makalio. Chiku alikuwa amekaa hapo hapo. Aliona. Na yeye alicheka pamoja na wengine, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu ya mwingine.

"Hilo pia liandike," alimwambia Melania.

Melania aliandika.

Jioni, Akida alipozima mashine na vumbi la pumba likaanza kutulia, Chiku alimwambia. Kwa muda mrefu aliogopa mambo mawili: kwamba mumewe atachukua panga, au kwamba atasema basi, baki nyumbani. Akida alikaa juu ya gunia, akafuta uso kwa kofia yake.

"Kumbe hiyo ndiyo nauli," alisema. Halafu akauliza, "Unataka mimi nifanye nini?"

Chiku alisema anataka amsindikize siku akiitwa kituoni, akae nje, asiseme kitu. Akida alikubali. Usiku ule Chiku alilala fofofo, na asubuhi alikuta mumewe ameshachemsha maji ya kumkandia goti.

Mambo kituoni hayakwenda kwa mkupuo. Daktari anayesimamia kituo, mtu mwema lakini mwoga wa kelele, alitaka yamalizwe kiutu uzima. Alipendekeza Maganga aitwe pembeni, aonywe, kisha Chiku aitwe wapeane mikono, yaishe. Maganga ni mgonjwa, alisema, ana kidonda, hawawezi kumfukuza mzee aliyelitumikia taifa. Melania alimjibu kwamba hakuna anayesema afukuzwe. Alimwekea daftari la mahudhurio mezani, likiwa limefunguliwa kwenye majina ya wale kumi na mmoja, akasema hawa nao walilitumikia taifa, na wao tayari wameshafukuzwa. Daktari alilisoma daftari jina kwa jina. Mmoja wao alikuwa amefariki mwezi wa nne kwa kiharusi, akiwa hajafika kliniki tangu mwaka uliopita. Hakuna aliyejua alikuwa ameacha kwa sababu gani, na sasa isingejulikana tena. Daktari alifunga daftari akasema sawa, itisha mkutano.

Mkutano ulifanyika Alhamisi saa nne asubuhi, chini ya lile paa la bati. Walikuja wastaafu kama arobaini na wafanyakazi wote. Chiku aliambiwa halazimiki kufika, lakini alifika, akakaa mwisho, na Akida akakaa kwenye bodaboda nje ya uzio kama walivyokubaliana. Melania hakutaja jina la mtu. Alisoma utaratibu mpya. Namba zitatolewa na karani dirishani, si na mgonjwa. Anayetaka kupimwa akiwa na mtu wake chumbani, ruhusa. Maneno ya mwili wa mtu mwingine, na mikono kwenye mwili wa mtu mwingine, marufuku, awe mgonjwa au mfanyakazi, na mfanyakazi yeyote akiona atasimamisha hapo hapo, hatasubiri kuletewa malalamiko. Malalamiko yatapokelewa na watu wawili, mmoja mwanamke, na yasipojibiwa ndani ya siku saba yatapelekwa wilayani.

Maganga aliinuka. Alikuwa na kidonda chake kimefungwa bandeji nyeupe, amesimama wima kama yuko mbele ya kikosi. Alisema anajua wanamsema nani na anajua aliyesema ni nani, akamnyooshea Chiku kidole. Akaeleza kwamba yeye ni Msukuma na baba yake Chiku alikuwa Mzaramo aliyekuja na kazi ya reli pale Isaka, kwa hiyo wao ni watani, na kila mtu hapa anajua mtani hana mipaka.

"Sasa mnataka kufuta utani wa babu zetu kwa karatasi?" aliuliza.

Baadhi walicheka. Kicheko kile kile. Chiku aliangalia getini, akapima umbali.

Hapo ndipo alipoinuka Ayubu. Alikuwa mzee mkimya aliyepoteza mguu vitani zamani, mwenye magongo mawili, na kwenye benchi lile mahali pake palikuwa kona ya mwisho. Ilimchukua muda kusimama, na watu walimsubiri.

"Mimi ni Msukuma pia," alisema. "Utani ni kupokezana. Unanirushia, nakurudishia, tunacheka wote. Nimekaa benchi hili miaka sita. Sijamsikia huyu mayu, huyu mama, akikurudishia hata siku moja. Na nilikuwa nacheka. Sikuona haya wakati ule, naona haya leo."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Wanaume wawili watatu walitazama viatu vyao.

Chiku hakuwa amekusudia kusema neno, lakini alijikuta amesimama, fimbo mkononi.

"Afande, nilikuwa nanyamaza kwa sababu ya cheo chako. Cheo ulishakirudisha, na mimi changu nilirudisha. Hapa wote ni wagonjwa. Usiniguse tena."

Maganga alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumuunga mkono. Hakuupata haraka, akakaa. Haikuwa zaidi ya hapo. Hakuna aliyepiga makofi. Karani alianza kugawa namba dirishani, na watu wakapanga foleni.

Wiki ile ile Maganga aliandikiwa barua. Matibabu yake yangeendelea, ila zamu yake ingekuwa Ijumaa mchana, wakati watu ni wachache, na kidonda chake kingefungwa na muuguzi wa kiume. Akirudia, atapewa rufaa ya kwenda kutibiwa hospitali nyingine. Alitia sahihi. Baada ya siku chache alimtuma Ayubu kwa Chiku kusema kwamba anataka kuja nyumbani na kilo mbili za sukari na wazee wawili kuomba radhi. Ayubu alifikisha ujumbe kama alivyotumwa, akasema na yeye hashauri lolote, uamuzi ni wa Chiku.

Chiku alifikiria siku nzima. Kisha alijibu kwamba hahitaji sukari wala wazee sebuleni kwake. Kama ana radhi ya kuomba, aiandike, aipeleke kituoni, isomwe na waliosikia yale mengine. Alipolisema hilo alitegemea kusutwa, kwamba ana moyo mgumu. Ayubu aliitikia kwa kichwa tu, akasema wabeja, asante, akaomba maji ya kunywa. Karatasi ya radhi ilikuja baada ya mwezi, mistari minne, ya kukwepakwepa. Melania alimuuliza kama inamtosha. Chiku alisema haimtoshi lakini haimsumbui, na alishangaa kuona anasema kweli.

Siku ya kwanza aliyorudi kwa matibabu ilikuwa Jumanne, siku tano baada ya mkutano. Alichukua namba dirishani, ya saba, akakaa kwenye benchi ambalo mwezi wa pili alilikimbia. Mzee mmoja alimsalimia shikamoo kimakosa, wote wakacheka, na hiki kilikuwa kicheko kingine, hata yeye alicheka. Mzee alieleza kwamba miwani yake imevunjika. Chiku akamwambia marahaba, mwanangu, na wakacheka tena.

Kwenye chumba cha mazoezi alimkuta Suzana anatandika kitanda. Binti alisimama mbele yake, akauliza, "Naomba nikushike goti. Ni sawa?"

Miaka yote ya madaktari na wauguzi, Chiku hakumkumbuka hata mmoja aliyewahi kumwomba. Aliitikia kwa kichwa. Suzana alianza kazi, taratibu, akikunja kidogo na kuachia, na Chiku akiwa amelala anaangalia dari alimwambia habari ya siku ya taulo. Alisema alikuwepo, aliona, na alicheka, na kwamba anaomba msamaha.

Suzana hakuacha kukunja mguu. Alisema siku ile alimwona akicheka. Alisema alikwenda nyumbani akaandika barua ya kuomba uhamisho, na alizunguka nayo kwenye mkoba mpaka karatasi ikachakaa. Wiki iliyopita aliichana.

"Nisingebaki peke yangu," alisema. "Sasa tulia, hapa patauma kidogo."

Paliuma sana. Chiku alicheka na kulia kwa pamoja, Suzana naye akacheka, mpaka muuguzi wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini.

Habari zilisafiri kwa simu, kama zinavyosafiri. Mwezi uliofuata Sikujua alimpigia Chiku. Sikujua alikuwa mpishi wa jeshi zamani, sasa anauza chakula Maganzo kwa wachimbaji wadogo wa almasi, na kliniki hakuwa amekanyaga miaka miwili. Aliuliza kama ni kweli wanayosema watu. Chiku alimwambia asiamini watu, aje aone. Walikutana stendi ya Kahama, wanawake wawili wa makamo na mabegi yao ya mafaili, wakaenda pamoja. Presha ya Sikujua ilipopimwa ilikuwa juu sana, muuguzi akamlaza saa nzima na kumpa dawa. Daktari alisema ni bahati kafika leo. Kwenye daftari la Melania waliokuwa wanahudhuria sasa walikuwa tisa.

Ijumaa moja, mwezi wa Oktoba, Chiku alitandika mswala chumbani kwa ajili ya alasiri. Tangu ajali alikuwa anaswali akiwa kwenye kiti. Suzana alikuwa amemwambia ajaribu, asilazimishe. Aliswali akisimama, akarukuu, kisha akashika ukingo wa kitanda na kushuka polepole. Goti lilipinga, likalia kama bawaba kavu, halafu likakubali. Paji la uso likagusa mswala. Alikaa hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa, akisikia pumzi yake mwenyewe, na nje Akida akimwita mteja aje achukue mchele wake.